Mnandi: Jana Alinusurika, Leo Anawindwa

Wakazi wa kando ya Ziwa Victoria wanamfahamu mnandi, ndege mweusi mpiga mbizi, atuaye mtini na kutandaza mbawa zake zikauke. Huko Ontario, nchini Kanada, ndugu yake amezusha mzozo mkubwa.

Zamani sumu ya DDT ilidhoofisha maganda ya mayai yake, naye akakaribia kutoweka. Sumu hiyo ilipopigwa marufuku katika miaka ya 1970, aliongezeka kwa maelfu. Wavuvi wakalalamika kwamba anawamalizia samaki, maana kila ndege hula karibu nusu kilo kwa siku. Kinyesi chake nacho huua miti anamojenga viota.

Mwaka 1918 haukujua tatizo hili. Mwaka 2020 ulilijua. Serikali ya jimbo iliruhusu uwindaji kuanzia Septemba 15 hadi Desemba 31, kila mwindaji ndege 15 kwa siku. Tena hakulazimika kuila nyama. Alitakiwa tu kuiokota mizoga na kuitupa ipasavyo. Wapinzani wanauliza: kuua bila kula si ufujaji? Aidha, wasema, samaki wengi aliwao ni wadogo wasio na soko.

Ndugu msomaji, mwanadamu aliyempunguza mnandi kwa sumu sasa ampunguza kwa risasi. Busara ni kuhesabu kwanza, kisha kulenga.