Kiambishi cha Nafsi na Usahihi wa Sentensi ya Kiingereza: Mfano wa Mbinga na Mwambao wa Nyasa

Makala haya yanafafanua chanzo cha makosa matatu ya sentensi ya Kiingereza. Mwanafunzi wa Mbinga au Mbamba Bay aghalabu huanza na Kimatengo, Kimpoto au Kinyasa nyumbani, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha hufundishwa masomo mengi ya sekondari kwa Kiingereza. Lugha zote za awali ni za Kibantu.

Tuchunguze sentensi “Mvuvi amerudi”. Kiima ni “mvuvi”, lakini kitenzi hubeba pia kiambishi a-. Kukidondosha ni kuvunja sarufi. Mwanafunzi akihamisha muundo huo huandika “The fisherman he has returned”, ilhali “he” ni kiwakilishi huru kinachoshika nafasi ya nomino, hakiandamani nayo. Vivyo hivyo, “samaki niliyemnunua” huzaa “the fish which I bought it”, kwa kuwa kiambishi cha yambwa -m- kimegeuzwa kiwakilishi. Aidha, a- haibainishi jinsi. Ndiyo maana “he” hutumika hata kwa mwanamke.

Mzizi ni mmoja: kiambishi kimechukuliwa kuwa sawa na kiwakilishi. Kalamu nyekundu pekee haiuonyeshi. Mwalimu aandike sentensi za lugha mbili sambamba, kisha wanafunzi wabainishe kazi ya kila kiambishi kabla ya kusahihisha. Mitihani mingi ya sekondari hujibiwa kwa Kiingereza. Hivyo, kosa linalotokana na umahiri wa lugha moja lisihesabiwe kuwa upungufu wa akili.