Soma Mkia wa Jina la Dawa

Mtu aliyewahi kuvimba uso na kubanwa na pumzi baada ya kutumia penisilini huonywa asiitumie tena. Miaka inapita. Anaumwa koo, anaingia duka la dawa na kupewa kisanduku kilichoandikwa Augmentin kwa herufi kubwa. Neno penisilini halionekani. Hata hivyo, kwa herufi ndogo pamechapwa “amoxicillin”. Hiyo ni dawa ya ukoo ule ule uliomdhuru, na kuimeza kwaweza kumgharimu uhai.

Dawa nyingi huuzwa zikiwa na majina mawili. La kwanza ni jina la biashara, ambalo mtengenezaji hulichagua kwa ajili ya soko. La pili ni jina la kiambato hai, yaani kile kinachotibu. Utaratibu wa kimataifa wa majina ya viambato uliwekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1950, na orodha ya kwanza ikachapishwa mwaka 1953.

Majina hayo huundwa kwa vipande. Kama vile -aji katika “msomaji” na “mfugaji” inavyomtambulisha mtenda, ndivyo mkia wa jina la dawa unavyotambulisha ukoo wake:

• -cillin (amoxicillin, ampicillin, cloxacillin): antibiotiki za ukoo wa penisilini.
• -pril (enalapril, lisinopril): shinikizo la juu la damu na maradhi ya moyo.
• -olol (atenolol, propranolol): shinikizo la juu la damu na maradhi ya moyo. Mwenye pumu amweleze mtoa dawa kwanza.
• -prazole (omeprazole, pantoprazole): kupunguza asidi tumboni.
• -conazole (fluconazole, ketoconazole): fangasi.
• -bendazole (albendazole, mebendazole): minyoo.
• -nidazole (metronidazole, tinidazole): amiba na baadhi ya bakteria.

Tazama mikia minne ya mwisho. Yote huishia kwa -azole, lakini kazi zake ni mbalimbali kabisa. Kwa hiyo usitosheke na herufi chache za mwisho. Soma mkia mzima.

Ujuzi huu hufaa pia mgonjwa anapobadilisha kituo cha matibabu. Mwenye enalapril nyumbani akipewa lisinopril, aweza kudhani ni dawa mbili tofauti na kuzimeza zote. Mkia -pril umwonye kuwa ni ndugu. Aulize ipi aendelee nayo, wala asiache dawa ya shinikizo la damu kwa uamuzi wake mwenyewe.

Mkia hausemi yote. Ceftriaxone na cefixime hutambulishwa na kipande cha mwanzo, cef-. Hazimo katika ukoo wa penisilini, lakini zina undugu nao wa karibu. Aliyedhuriwa na penisilini hana budi kusema kabla ya kupewa.

Kabla ya kulipia dawa:

1. Tafuta jina la kiambato hai kwenye kisanduku. Dawa moja yaweza kuwa na viambato viwili au zaidi.
2. Lilinganishe na majina ya dawa unazotumia na zilizowahi kukudhuru. Yaandike katika daftari lako la kliniki.
3. Ukiona mkia unaofanana, mwulize mfamasia au daktari.

Kusoma jina hakukufanyi kuwa tabibu. Hukuwezesha kuuliza swali sahihi kwa wakati.