Upepo wa Matairi katika Pikipiki yenye Kigari

Baadhi ya wanachama wenzetu wanaochukua karafuu kwa pikipiki zenye kigari cha ubavuni wametuuliza watie upepo kiasi gani. Jawabu fupi ni kwamba hakuna kiasi kimoja. Kitabu cha pikipiki hutaja upepo wa magurudumu mawili tu, tena kwa pikipiki isiyofungwa kitu. Ukishaifunga kigari, magurudumu huwa matatu, na kila moja huchukua uzito wake mbali.

Sisi wakulima tunacho chombo cha kuujua uzito huo, nacho ni mizani ya karafuu, ile ya kuwekwa chini. Pakia kigari kama unavyopakia siku ya kwenda kuuza, na mwendeshaji akae kitini. Gurudumu moja liwe juu ya mizani, na mengine mawili juu ya mbao au matofali ya kimo kile kile, ili chombo kisilale upande. Andika, kisha hamia gurudumu la pili na la tatu. Tuseme mbele umepata kilo 110, nyuma 185, na kigari 105, jumla 400. Wengi hudhani gurudumu la kigari ndilo linaloelemewa kwa kuwa magunia yamo humo. Sivyo. Aghalabu linaloumia ni la nyuma, maana hubeba mwendeshaji na sehemu ya mzigo, na ndilo linalosukuma chombo kizima.

Sasa tazama ubavuni mwa tairi la nyuma. Baada ya vipimo vya ukubwa wake pana namba na herufi, kama 52P. Namba 52 maana yake kilo 200. 57 ni kilo 230. 62 ni kilo 265. Uzito huo ni pale tairi limejazwa upepo wa mwisho ulioruhusiwa, ambao aghalabu nao huandikwa hapo hapo. Katika mfano wetu tairi la 52 limebakiwa na kilo 15 tu. Mchumaji mmoja akidandia nyuma, mpaka umepitwa, na hapo pampu haifai kitu: ama ashuke yeye, ama lishuke gunia, ama ununue tairi la namba kubwa zaidi. Twalisema hili kwa ukali kwa sababu tairi likipasuka kwenye mteremko hupotea zaidi ya karafuu.

Kwa kuanzia, tairi la nyuma lipe upepo uliotajwa na kitabu kwa kuchukua abiria, na la mbele kama kitabu kilivyosema. La kigari, likiwa la ukubwa ule ule na mizani imeonesha kuwa lina uzito mdogo, lipe ratli chache pungufu ya la nyuma. (Ratli hizi ni za kila inchi ya mraba, zilizoandikwa PSI kwenye kipimo.)

Kisha jaribu. Pima asubuhi kivulini, matairi yakiwa baridi. Nenda na mzigo wako nusu saa katika lami, simama, upime tena papo hapo. Upepo hupanda kwa joto, na kanuni ya siku nyingi ya waendesha pikipiki ni kuwa upande sehemu moja katika kumi: 30 iwe 33. Ukikuta 36, tairi lilikuwa laini, linajikunja mno na kujichoma. Kesho yake ongeza ratli mbili. Ukikuta 31, ni gumu kuliko haja, punguza kidogo. Lakini usitoe upepo tairi likiwa moto, maana likipoa litakuwa pungufu. Wala usipite kamwe kiasi kilichoandikwa ubavuni.

Valvu ikiinama badala ya kusimama wima katika ringi, ujue tairi linateleza juu ya ringi na kuuvuta mpira wa ndani. Siku moja itang'oka njiani. Na pikipiki ikivuta kushoto kuliko ilivyozoea, pima tairi la kigari kabla hujamwita fundi kulegeza vyuma.

Wakati wa kurudi, karafuu zimeshauzwa, kigari huwa chepesi, na kwetu hufungwa kushoto. Kona ya kushoto ikichukuliwa kwa kasi, gurudumu lake huinuka. Upepo hauwezi kulizuia hilo, ingawa tairi gumu mno hulizidisha kwa kurukaruka. Gunia la mchanga lililofungwa barabara upande wa nje wa kigari hufaa zaidi.