Masta ya saikolojia ya jumla: Jua haya kabla hujalipa karo

Tuseme wewe ni mwalimu au unafanya kazi ofisini. Watu hukuletea shida zao, unawasikiliza, na sasa unataka kuifanya iwe kazi. Umeona kozi ya shahada ya uzamili katika saikolojia ya jumla na karo iko tayari. Ngoja kwanza. Kozi ni nzuri, lakini huenda isikufikishe unakotaka.

Utasoma nini?

Saikolojia ya jumla hugusa kila kitu kidogo kidogo: jinsi mtoto anavyokua, ubongo na tabia, kumbukumbu, na namna watu wanavyoathiriana katika jamii. Usidhani umekimbia hesabu, takwimu zipo na ni nyingi. Mwisho, mara nyingi unafanya utafiti na kuandika tasnifu.

Inatofautianaje na nyingine?

Masta ya ushauri nasaha au ya saikolojia tiba huongeza kitu kimoja kikubwa: mafunzo kwa vitendo. Unakaa na wateja halisi kwa saa zilizowekwa, huku msimamizi akikufuatilia. Katika saikolojia ya jumla, sehemu hiyo mara nyingi haipo. Na wala usichanganye na daktari wa magonjwa ya akili. Huyo alisomea udaktari kwanza, ndiyo maana anaandika dawa.

Je, nikimaliza naweza kufungua ofisi?

Hapa ndipo wengi hukwama. Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014, inayotaka anayefanya kazi hiyo asajiliwe na bodi. Cheti cha chuo peke yake si leseni.

Unasoma mtandaoni na chuo cha Marekani? Huko majimbo mengi hudai shahada ya uzamivu ndipo upewe leseni ya mwanasaikolojia. Vyuo vingi huandika wazi kwamba masta ya saikolojia ya jumla haimwandai mtu kupata leseni. Shida ni kwamba maandishi hayo huwa chini kabisa ya ukurasa, na kwenye simu ni rahisi kuyapita.

Basi inamfaa nani?

Inamfaa anayetaka kufanya utafiti, kufundisha, kuendelea na uzamivu, au kuongeza ujuzi katika kazi aliyo nayo, kwa mfano usimamizi wa wafanyakazi, miradi ya jamii au elimu. Pia inamsaidia aliyesoma fani nyingine na anataka msingi kabla ya kuchagua tawi lake.

Uliza haya kabla ya kulipa

1. Kozi ina saa ngapi za kukaa na wateja, na nani anasimamia?
2. Bodi ya nchi ninayotaka kufanyia kazi inaikubali? Usitosheke na jibu la chuo, piga simu bodi yenyewe.
3. Kama chuo ni cha nje, shahada hiyo itatambuliwa nyumbani?
4. Waliomaliza wanafanya kazi gani sasa? Omba kuongea na mmoja wao.

Kama lengo lako ni kutibu watu, jibu la swali la kwanza na la pili ndilo la kuamua. Afadhali ujue leo kuliko ugundue baada ya miaka miwili, karo imeisha na ofisi huwezi kufungua.