Siku mbili bila umeme kando ya Lufira

Kulipa pesa ili ulale fasi hakuna umeme? Wengi mu miji yetu watacheka. Mu kartie nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi umeme unakatika bila kuaga, na mama anaamka saa tisa ya usiku na mabidoni yake kungojea maji ya bomba. Wale waliozaliwa kijijini watasema zaidi: sisi tulikomea bila umeme, na hakuna aliyetudai hata franka moja.

Wako na haki. Lakini kukosa ni kitu kimoja, kujipanga ni kingine. Mwezi wa saba, mu kipwa, tulienda familia mbili, wakubwa 4 na watoto 7, ku kambi moja ndogo kando ya mto Lufira, upande wa kaskazini ya Likasi. Pale hakuna nguzo ya umeme, hakuna bomba, hakuna grupu ya kupiga kelele. Kuko hema, nyumba tatu za udongo na nyasi, jiko la inje, na watu wa kijiji wanaolinda fasi. Tulirudi na mambo ya kufikiri, na mengine ya kutumia nyumbani.

Jua na shaba

Juu ya paa ya jiko kuko pano moja ya sola ya wati 100. Mlinzi alifanyia watoto hesabu mu mchanga, na kijiti. Jua la kipwa likipiga muzuri saa 5, pano inatoa karibu wati-saa 500, hata kama kidogo inapotea ku waya na ku batri. Ampuli moja ya LED inakula wati 5. Washa ampuli 6 kwa saa 5: ni wati-saa 150 tu. Inayobaki inachaji simu na redio. Lakini pasi, resho na frigo kubwa, hapana. Hapo ndipo watoto waliona ni kitu gani kinakula umeme mu nyumba.

Mtoto wa shemeki yangu, wa miaka 9, alishika waya akauliza mu ndani muko nini. Muko shaba. Baba yake anaendesha benne mu mgodi. Alikaa chini akamueleza: jiwe la kijani linatoka mu shimo, linasagwa, linayeyushwa mu asidi, kisha umeme unavuta shaba mpaka inakuwa bamba jekundu. Akatoa na simu yake: mu batri ya hii muko kobalti. Mtoto alijua kila siku kama papa anaenda ku kazi. Hakujua ile kazi inakuwa nini kisha.

Na huu mto wenyewe uko na historia. Lufira inatoa umeme ku Mwadingusha tangu 1930, na ku Koni tangu 1950. Mabwawa yale yalijengwa juu ya kulisha migodi na viwanda vya Union Minière. Tangu mwaka wa 1982 kuko na waya nyingine kubwa inayotoka Inga mpaka Kolwezi, karibu kilometa 1.700, inapita juu ya vijiji vingi visivyo na ampuli hata moja. Mlinzi wetu ni mzee wa pale pale. Maisha yake yote umeme wa mto wake ulikuwa unaenda kwa wengine. Taa ya kwanza aliyowashiwa ilitoka ku ile pano ndogo.

Maji: hapa tuangalie sana

Kambi haichote maji ya kunywa mu Lufira. Inachota ku chemchemi, robo saa kwa miguu, na watoto walibeba kila mmoja bidoni ya kipimo chake. Sababu tunaijua sisi watu wa madini. Mito inayopita karibu na viwanda, kama Panda ya Likasi inayoingia mu Lufira, inabeba mabaki. Wachunguzi wamepima shaba na kobalti nyingi mu ziwa Tshangalele, na mu samaki wake pia.

Wengi wetu tunafikiri maji yakichemka yamekuwa safi. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kuhara na kolera. Hakuondoe metali. Maji ya mto wa kiwandani, hata uyachemshe siku nzima, metali inabaki mu nyungu. Basi jambo la kwanza ni kujua maji yanatoka wapi.

Kwa maji ya chemchemi wanatumia jua. Chukua chupa ya plastiki nyeupe, ile inayoonyesha ndani. Jaza maji yasiyo na tope, funga, laza chupa juu ya bati asubuhi. Jua likiwaka, saa 6 zinatosha. Mawingu yakifunika, iache siku 2. Haiombe makala hata moja. Dada yangu sasa anafanya vile ku Likasi.

Choo nacho kinafundisha. Ni mashimo mawili. Ukimaliza, unamwanga majivu. Shimo moja likijaa linafungwa mwaka mmoja na zaidi, wanatumia la pili, na la kwanza linageuka mbolea ya miti. Nzi ni kidogo, harufu karibu hakuna.

Mti unaosimama

Sheria ya kambi ni moja: mti mbichi haukatwe, na makala haiingie. Wanapika na kuni za kuanguka, mu jiko la udongo lenye kufungwa pembeni, linakula kuni kidogo kuliko mafiga matatu. Bukari, lengalenga na kuku ya kijiji viliiva bila shida.

Ku barabara yote kutoka Lubumbashi tuliona magunia ya makala yamepangwa. Kwa kupata kilo moja ya makala mu tanuru ya udongo, unachoma kilo 5 mpaka 10 za mti. Ndiyo sababu misitu ya miombo inaendelea kurudi nyuma, na gunia linapanda bei kwa sababu linatoka mbali. Wale wanaochoma si watu wabaya. Wengi ni wanaume waliokosa kazi ku mgodi, wako na watoto wa kusomesha. Ku kambi, vijana wawili walioacha tanuru sasa wanaongoza wageni na kuuza asali. Wageni wakikosa miezi miwili, shoka itarudi ku bega. Walituambia vile bila kuficha.

Papa mu mchana

Shemeki anafanya saa 12 za usiku. Watoto wake wanamjua amelala: nyamazeni, papa analala. Usiku wa kwanza aliamka saa nane, alifikiri kuko kitu kimeharibika. Kumbe ni kelele ndiyo ilikosekana.

Vijana wakubwa waliteseka siku ya kwanza, sababu rezo haifike. Walizunguka na simu mukononi kama mtu anayetafuta mbuzi. Jumamosi mangaribi wote walikaa ku moto. Shemeki alianza kuhadisia vile babu yake alitembea kwa miguu kuja kutafuta kazi ya Union Minière, na vile alilala mu pori usiku nyingi. Dada yangu ameolewa miaka 12. Ile hadisi alikuwa hajaisikia.

Mukitaka kwenda

Muende kati ya mwezi wa tano na wa tisa. Mvua ikianza, njia inakuwa matope. Mu mwezi wa sita na wa saba usiku ni baridi sana: kila mtu bulangeti mbili, na watoto soksi. Musisahau chandarua na torshi.

Musiogee mu mto bila kuuliza wenyeji. Mu Lufira muko mamba na viboko, na mu maji yaliyosimama muko bilharziozi. Mukifika, mupite kwanza kwa chefu wa kijiji. Muulize bei yote mbele, na ya kiongozi ndani. Unga, kuku na mboga muzinunue pale pale. Masashe na chupa tupu murudi nazo mjini.

Wenye gari ya nguvu wanaweza kufikiri Kundelungu, parke tangu 1970, fasi maji ya Lofoi yanaanguka zaidi ya metre 300, ao Upemba, parke tangu 1939, yenye tembo na punda milia. Kule muombe ruhusa ku ICCN na muulize habari za usalama mbele ya kutoka.

Kwa upande wa pesa: mafuta ya gari yalikula mingi kuliko kambi yenyewe. Familia tatu zikijikusanya mu basi moja, zikabeba hema na nyungu zao, hesabu inaingia mu mshahara wa mchimbaji. Na kama haiingie, kila mtu iko na kijiji ya bajomba yake. Chemchemi iko pale, jua iko pale. Inaomba tu papa apate siku mbili.