Mkimbiaji wa Palma: Raba, Jua na Maji Kupwa

Askari atokaye Tanzania akivuka Mto Ruvuma kuelekea Palma hutakiwa kurudisha saa yake nyuma kwa saa moja, kwani Msumbiji hufuata majira ya nchi za kusini. Jua halirudi nyuma pamoja na saa hiyo. Katika pwani ya kaskazini ya Jimbo la Cabo Delgado, tangu Quionga hadi Mocímboa da Praia, jua la Desemba huchomoza kabla kidogo ya saa kumi na moja alfajiri, na hata Juni halingoji saa kumi na mbili. Mtu aliyezoea kuanza mbio zake saa kumi na mbili unusu, akiitii saa ya mkononi, atajikuta njiani, mwezi wa Desemba, wakati jua limekwisha kupanda kwa saa moja na nusu na zaidi.

Jambo hilo dogo ndilo lililomwangusha mwandishi wa makala haya. Nilikuwa na mpango wa mazoezi wa majuma kumi na sita, nilioukata katika kitabu cha nchi za baridi, nao uliagiza kilomita 16 kila Jumamosi. Nilikuwa na raba mpya zenye soli nene. Nilikuwa na ruhusa ya mkuu wangu na mwenzangu wa kukimbia naye. Sikuwa na maji. Katika kilomita ya tisa kichwa kilianza kuzunguka, na ngozi ikasisimka kama ya mtu mwenye homa. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu chini ya mnazi alitutazama, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, unakimbizwa na nani?" Nikamjibu, "Hakuna, mzee wangu, nafanya mazoezi tu." Alitupasulia madafu mawili, akasema kwamba jua lile ni la kuanikia samaki.

Tangu Julai 2021 askari wengi wamepita katika wilaya hizo: wa Msumbiji wenyewe, wa Rwanda, na wa nchi za SADC, Tanzania ikiwamo, ambao ujumbe wao wa pamoja ulimalizika Julai 2024. Miongoni mwao, kama walivyo wengi katika jeshi na polisi, wamo wapendao mbio ndefu kwa kujiburudisha tu, bila kutafuta medali. Makala haya ni yao, na ya wenzao wa Mtwara na Kilwa, ambako hali ya mchanga na joto haitofautiani sana.

Pwani hii ina desturi ya kuyashinda majeshi kabla adui hajaonekana. Aprili 1916 Wareno waliitwaa tena Kionga kutoka kwa Wajerumani, kisha wakateremsha Palma kikosi kikubwa kilichotoka Ulaya ili kivuke Ruvuma. Malaria, kuhara na uchovu viliwaua na kuwalaza askari wa kikosi hicho wengi kuliko risasi zilivyofanya. Leo tuna dawa na vyandarua, lakini mwili wa binadamu ni uleule. Askari mwenye homa, hata iwe ndogo, asikimbie. Apimwe malaria kwanza.

Jua na unyevu

Kinachoumiza pwani si joto peke yake, bali joto pamoja na unyevu. Jasho hupoza mwili linapokauka. Hewa ikiwa imejaa maji, jasho hutiririka tu bila kukauka, na moto hubaki ndani. Jeshi la Marekani lilijifunza jambo hilo kwa msiba wa makuruta wake. Katika miaka ya 1950, huko Parris Island, kipimo kinachojumlisha joto, unyevu na ukali wa jua kilianza kutumiwa kuamua kama makuruta wafanye mazoezi au wapumzike, na hadi sasa majeshi na vyama vya michezo hukitumia. Hata mabingwa hawasalimiki. Mwaka 2019, katika mashindano ya dunia ya Doha, mbio ndefu za wanawake zilianzishwa usiku wa manane ili kulikwepa jua. Wakimbiaji 68 walianza, wakamaliza 40.

Mwili huzoea joto, lakini huhitaji siku 10 hadi 14. Kwa hiyo mgeni wa Palma, hata awe mkimbiaji hodari wa Arusha au Iringa, na atembee na kukimbia polepole kwa majuma mawili ya kwanza, nusu saa hadi dakika arobaini, bila kushindana na mtu. Aanze mara kunapopambazuka. Asiyefuata hili haonyeshi ushujaa wowote. Anawatwisha wenzake machela.

Mwenzako akianza kuyumba, kusema ovyo au kuzimia huku mwili ukiwaka, usikimbilie kutafuta gari kwanza. Mpeleke kivulini, mvue nguo, mmwagie maji mengi au mtumbukize ndani yake, mpepee, na wakati huohuo mwingine aite mganga. Mtu huyo huokolewa na dakika za mwanzo za kumpoza. Asipokuwa na fahamu timamu asinyweshwe kitu.

Kuhusu kunywa, yako makosa mawili, nalo la pili halisemwi sana. La kwanza ni kutokunywa. La pili ni kunywa maji matupu mengi kupita kiasi, mpaka chumvi ya damu ikapungua. Katika mbio za Boston za mwaka 2002, waganga waliwapima wakimbiaji 488 waliomaliza, na asilimia 13 walikuwa na upungufu huo, ambao huweza kuua. Anywe mtu kadiri ya kiu yake. Kwa mbio zinazopita saa moja, lita moja ya maji salama yenye vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi inatosha kabisa, na haihitaji chupa za rangi za dukani.

Raba

Tarehe 15 Septemba 2025, huko Tokyo, Alphonce Simbu, askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, alishinda mbio ndefu za ubingwa wa dunia kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, muda uleule wa Mjerumani Amanal Petros aliyemfuata. Picha ndiyo iliyoamua. Tangu siku hiyo raba za mabingwa zimezidi kutamaniwa katika makambi yetu. Yafaa kusema wazi kwamba raba hizo, zenye soli ya povu nene na bamba gumu ndani yake, zimetengenezwa kwa ajili ya lami na kwa ajili ya mtu anayekimbia kwa kasi kubwa. Kanuni za dunia zinaruhusu soli ya mbio za barabarani ifike milimita 40. Mtu aliyepandishwa juu kiasi hicho, akikanyaga mchanga uliolegea au shimo la kaa, kifundo cha mguu humgeuka kwa urahisi. Wangu uligeuka mara mbili.

Kwa upande mwingine wapo wanaoshikilia mabuti. Husema kwamba Emil Zátopek, ofisa wa jeshi la Chekoslovakia aliyetwaa medali tatu za dhahabu Helsinki mwaka 1952, alifanya mazoezi kwa mabuti. Ni kweli alifanya hivyo. Lakini ni kweli pia kwamba ufa wa mifupa ya wayo unaowapata askari kwa mwendo mrefu ulielezwa mara ya kwanza mwaka 1855 na Breithaupt, mganga wa jeshi la Prussia, aliyeuona kwa vijana wa gwaride. Buti ni la kazi. Anayekimbia kwa kupenda, baada ya kazi, hana sababu ya kuiongezea mifupa yake adhabu hiyo.

Basi achague nini? Kwa miaka mingi wauzaji walitufundisha kupima upinde wa wayo na kununua raba ya umbo lake. Jeshi la Marekani lililijaribu jambo hilo kwa maelfu ya makuruta. Waliopewa raba kwa umbo la wayo waliumia sawa na wale waliopewa raba za namna moja. Kipimo kilichobaki ni cha kale: raba isiyokusumbua tangu unapoivaa. Ijaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, ukiwa na soksi utakazokimbilia, na kuwe na nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu. Soli iwe ya wastani, na pana. Juu pawe na kitambaa chepesi kinachopitisha maji, maana maji yataingia tu. Abebe Bikila, askari wa walinzi wa mfalme wa Ethiopia, alikimbia pekupeku Roma mwaka 1960 kwa sababu viatu alivyopata vilimsumbua. Alishinda Tokyo mwaka 1964 akiwa na viatu. Asiige mtu upekupeku huo Palma, kwani ufukwe una miamba ya matumbawe, chaza na miiba.

Raba za mitumba si aibu, ila zibonyezwe soli kwa kidole kabla ya kulipa. Povu lililokufa halirudi juu. Ukiweza kupata jozi mbili za bei ndogo badala ya moja ya fahari, zikipokezana, miguu itakushukuru, nazo zitapata siku ya kukauka. Maji ya chumvi hula gundi. Zisuuzwe kwa maji baridi na kuanikwa kivulini. Soksi za pamba hushika maji na kuleta malengelenge. Mafuta ya mgando kidogo kwenye vidole na mapaja, kofia yenye ukingo, fulana nyepesi ya rangi nyeupe, na kwa askari wa kike sidiria ya michezo inayoshika vizuri: vilivyobaki ni mapambo.

Mchanga, maji na doria

Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 na wataalamu wa Ubelgiji ulionyesha kwamba kukimbia kwenye mchanga uliolegea hugharimu nguvu mara 1.6 kuliko kwenye ardhi ngumu. Ndiyo kusema mpango wowote unaohesabu kilomita ni mpango wa uongo kwa Palma. Hesabu dakika. Kilomita 10 za mchangani si kilomita 10 za Moshi.

Mchanga mgumu hupatikana maji yanapokupwa, na hapo ndipo hila ilipo. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, ufukwe huwa mpana na mzuri, lakini maji hupwa kabisa katikati ya asubuhi, jua likiwa kali. Juma moja baadaye, wakati wa maji mafu, ufukwe huwa mwembamba, lakini kupwa huangukia karibu na alfajiri na jioni. Mimi hupanga mbio zangu ndefu katika siku chache zinazofuata robo ya mwezi, na siku za bamvua hubaki kwenye barabara ya udongo. Mvuvi yeyote atakuambia saa yenyewe bila kitabu. Na kwa kuwa ufukwe huinama kuelekea baharini, ukienda dakika ishirini, rudi dakika ishirini kwa njia ileile, ili mguu mmoja usibebe mzigo wa chini daima.

Siku nne kwa juma zinatosha. Mbili za nusu saa au dakika arobaini, kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza na mwenzako sentensi nzima. Moja yenye vipande vifupi vya kasi, sita hadi nane, vya nusu dakika. Moja ndefu, ianzie saa moja, ikiongezwa dakika kumi kwa juma kwa majuma matatu, na la nne ipunguzwe. Mipango ya kiraia inasahau kwamba mchakamchaka wa kikosi na doria ni mazoezi pia. Aliyetembea kilomita ishirini na mzigo mgongoni amekwisha kufanya mbio zake ndefu za juma hilo. Askari wengi huumia kwa kujumlisha vyote viwili, halafu hulaumu raba.

Wenye nia ya kwenda Moshi katika Kilimanjaro Marathon, zinazofanyika tangu 2003, wana tatizo moja zaidi. Mbio hizo huwa mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, na majuma kumi na sita ya kujitayarisha huangukia Novemba hadi Februari, ndio wakati wa joto na mvua katika pwani hii. Shauri langu ni kujenga pumzi wakati wa kusi, Juni hadi Septemba, upepo ukiwa baridi, kisha kuihifadhi tu. Kwa mwanzilishi, nusu ya masafa, kilomita 21, inatosha kabisa kwa mwaka wa kwanza.

Nimeiacha saa ya mkononi mwisho, kwa kuwa ndicho kifaa ninachokiogopa. Saa zinazorekodi njia kwa setilaiti na kuituma kwenye mtandao zimekwisha kuyafichua makambi. Januari 2018 ramani ya Strava ilionyesha dunia nzima mistari ya askari waliokuwa wakizunguka ndani ya vituo vyao katika nchi zenye vita. Julai 2023, mjini Krasnodar, aliyekuwa kamanda wa nyambizi ya Urusi aliuawa kwa risasi akiwa katika mbio zake za asubuhi. Njia aliyozoea kupita ilikuwa imeanikwa katika mtandao huohuo. Katika wilaya ambayo Machi 2021 mji wake mkuu ulishambuliwa kwa siku kadhaa, mkimbiaji askari avae saa ya kawaida ya mshale, aiache simu kambini au akiwa nayo aizime, apite njia zilizoruhusiwa tu, asirudie njia moja kwa saa moja kila siku, na kabla ya kutoka amwambie mlinzi wa lango atarudi dakika ngapi zijazo.