Kiungo cha Bandia Kikiingiwa na Vijidudu: Maelezo kwa Wananchi

Wananchi na watumishi wa Serikali wanafahamishwa kwamba operesheni ya kuweka nyonga au goti la bandia si jambo geni tena nchini. Operesheni hizo hufanywa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, na wapo wanaosafiri hadi India kwa ajili hiyo. Walio wengi hurejea wakitembea bila ya maumivu makubwa. Hata hivyo, kati ya kila watu 100 wanaowekewa kiungo kwa mara ya kwanza, mmoja au wawili huambukizwa bakteria katika kiungo hicho. Madhumuni ya maelezo haya ni kubainisha kwa nini maradhi hayo hayafanani na jipu la kawaida, na kwa nini vidonge vya kununua dukani bila ya amri ya daktari huweza kumpotezea mgonjwa kiungo chake.

Kiungo cha bandia hutengenezwa kwa madini na plastiki ngumu, vitu visivyo na uhai wala mishipa ya damu. Kwa hivyo kinga ya mwili, ambayo husafiri ndani ya damu, haiwezi kukilinda kama inavyoulinda mfupa ulio hai. Mwaka 1957 wataalamu wawili wa London, Elek na Conen, walionyesha kuwa ili jipu litunge katika ngozi huhitajika bakteria milioni kadhaa. Lakini bakteria wakiwapo juu ya uzi wa kushonea, hutosha idadi iliyo ndogo kwa kiasi cha mara 10,000. Ikiwa uzi mmoja hufanya hivyo, sembuse nyonga nzima ya chuma.

Bakteria wakishatua juu ya chuma hujijengea utando unaonata. Mfano wake ni ukoga wa meno: kusukutua kwa maji hakuuondoi, mpaka upigwe mswaki. Kadhalika, dawa inayopita katika damu huwaua bakteria wanaoelea, lakini waliojificha chini ya utando husalia na kuzaana tena.

Vijidudu hivyo huingia kwa njia mbili. Ya kwanza ni wakati wa operesheni yenyewe, kutoka katika ngozi au hewa ya chumba. Bingwa wa Uingereza, John Charnley, wa hospitali ya Wrightington, alianza kusafisha hewa ya chumba cha operesheni katika miaka ya 1960, na maambukizo yakashuka kutoka takriban wagonjwa 7 katika kila 100 hadi chini ya mmoja. Njia ya pili ni damu: kidonda cha mguu, jipu, au maradhi ya njia ya mkojo huweza kupeleka bakteria kwenye kiungo hata baada ya miaka mingi.

Dalili zinazopaswa kuangaliwa ni hizi: kidonda cha operesheni kutokauka au kutoa maji na usaha, kiungo kuvimba, kuwa chekundu au cha moto, homa, na maumivu yanayoanza upya baada ya mgonjwa kupata nafuu. Ni vyema ikaeleweka kuwa mara nyingine homa haipo kabisa, na maumivu ndiyo dalili pekee.

Mwenye dalili hizo asikimbilie vidonge vya rangi mbili. Vidonge hivyo huweza kushusha homa na kukausha kidonda kwa siku chache, ilhali maradhi yanaendelea ndani. Aidha, daktari anapovuta maji ya kiungo kwa sindano ili yapimwe, bakteria huenda wasiote katika maabara kwa sababu ya dawa hizo, na ikawa vigumu kumjua adui na dawa inayomfaa.

Wakati ndio unaoamua matibabu. Mgonjwa akiwahi mapema, na kiungo kikiwa bado kimeshika imara, madaktari huweza kukifungua, kukisafisha, kubadilisha sehemu za plastiki na kukiacha mahali pake, kisha dawa zikafuata kwa wiki nyingi. Akichelewa, mara nyingi hulazimu kiungo kitolewe chote, mgonjwa akae wiki kadhaa au miezi akitumia dawa, ndipo awekewe kingine kwa operesheni ya pili. Wengine hubaki na ulemavu, na wachache hupoteza mguu au maisha.

Kwa hivyo basi, wananchi wanashauriwa yafuatayo. Anayetarajia operesheni atibiwe kwanza meno mabovu na vidonda vya ngozi, na mwenye kisukari aidhibiti sukari yake. Aliyekwisha kuwekewa kiungo ahifadhi karatasi zake za hospitali, asipuuze kidonda chochote, na amweleze kila daktari anayemtibu kuwa ana kiungo cha bandia. Dalili zikitokea, aende hospitali siku hiyo hiyo, na kama amekwisha kumeza dawa yoyote, aitaje jina lake bila ya kuficha. Jamaa wa wazee wanaombwa kulisimamia jambo hili, kwani mzee mara nyingi huvumilia maumivu akidhani ni uzee tu.